Nani Anamngoja Nani?

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa watunzi na waundaji wa gemu. Waliokosa kufika waliiomba, kwa hiyo naiweka yote kama ilivyosemwa. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, hazikuwa na la maana sana.

Paukwa!

(Ukumbi: Pakawa!)

Nawashukuru. Sasa tazameni tulichokifanya hapa. Nimetamka neno moja, nikanyamaza. Sikuendelea mpaka mlipoitikia. Waliokuwa wakitafuta viti wamepata nafasi ya kukaa, na yule bwana aliyekuwa akiandika kwenye simu ameinua kichwa. Sungura hajatajwa, mfalme hajatajwa, lakini tumeshapatana kwamba tutakwenda pamoja. Nikitangulia mno, nitakuwa nazungumza na kuta. Nikikawia mno, mtarudi kwenye simu zenu, na sitawalaumu.

Leo nataka tuzungumze juu ya hadithi zisizo na mwitikio huo. Nazungumzia gemu za mtandaoni ambamo maelfu ya watu wanaishi ndani ya dunia moja, kila mmoja na mhusika wake, upanga wake na safari yake. Nimezicheza miaka mingi. Nimeziandikia pia, kwa kiasi kidogo, katika timu ndogo. Na kila ninapokaa na mtu aliyeiacha gemu ya namna hii katikati ya hadithi, nikamuuliza kwa nini, hasemi hadithi ilikuwa mbaya. Anasema, "Nilichoka." Au anasema, "Niliachwa." Majibu hayo mawili yana mzizi mmoja, na ndiyo maana nimekuja na swali moja tu, nitakalolirudia mpaka mlichoke: nani anamngoja nani?

Mtunzi wa riwaya ana msomaji mmoja kwa wakati mmoja. Ukifunga kitabu katikati ya vita, mikuki inabaki hewani mpaka kesho. Gemu ya mchezaji mmoja ni hivyo hivyo: bonyeza kitufe, dunia yote inashika pumzi. Gemu ya wengi haina kitufe hicho. World of Warcraft ilifunguliwa Novemba 2004 na mpaka leo milango yake iko wazi. Kwenye njia ile ile anapita mtu aliyeingia siku ya kwanza na mtu aliyejisajili leo asubuhi. Mmoja ana saa nane za kucheza, mwingine ana dakika arobaini, mtoto akiwa amelala. Mmoja anasoma kila neno, mwingine anaruka maneno kabla mhusika hajafungua mdomo. Hizo ni saa ngapi? Elfu. Nasi watunzi tunaandika kana kwamba saa ni moja, tena ile iliyo mkononi mwetu.

Nianze na adui, maana adui ndiye mvumilivu kuliko wote.

Wahenga walisema fahari wawili hawakai zizi moja. Nenda kwenye mji mkuu wa gemu yoyote ya namna hii ukaone fahari elfu tatu wamejipanga mbele ya mzee mmoja, na kila mmoja ananong'onezwa, "Ni wewe peke yako uliyetabiriwa." Watu huwa wanalipigia kelele jambo hili. Mimi halinisumbui sana. Mchezaji anajua ni uongo, anaukubali, kama tunavyokubali fisi azungumze. Kinachonisumbua ni saa ya yule adui. Mzee anakwambia, "Kimbia! Kijiji kinaungua! Usiku wa leo watateketea wote!" Nawe unakwenda kuvua samaki. Unavua wiki mbili. Unarudi, na kijiji kinaungua vile vile, moto ule ule, yule mama anapiga yowe lile lile. Adui anakungoja. Mara ya kwanza unacheka, mara ya tano umeshajifunza kitu, nacho ni kwamba neno "haraka" katika gemu hii halina maana. Mtunzi amepoteza neno lake kali kuliko yote, na hatalipata tena.

Kuna mfano unaojulikana sana, na wengi humu mmeupitia. Katika Final Fantasy XIV, sehemu ile ya hadithi ya mwanzo, unajua kwamba Titan, jitu la mawe, ameitwa na ni lazima akabiliwe. Waliowahi kumshinda ni wapiganaji wakongwe, na wao ndio wenye siri ya kumfikia. Unafika kwao ukiwa na moto wa kupigana. Wanakutuma nini? Ukatafute vitu vya karamu. Divai itoke huku, jibini itoke kule, nyama itoke kwingine, kila kimoja na safari yake na mtu wake mwenye shida zake. Ukiitazama kama mtunzi, fikra yenyewe haikuwa mbaya: wazee wanapima kama kijana huyu ana subira, au ni mpenda sifa tu. Ingekuwa hadithi ya kusimuliwa kwa dakika tatu, ingependeza. Lakini ahadi ya Titan ilikuwa imeshatolewa na chombo kimeshatia nanga katikati ya bahari. Adui anangoja, wewe unabeba jibini.

Gemu hiyo hiyo ilikuwa na misheni zipatazo mia kati ya mwisho wa hadithi ya kwanza na mwanzo wa toleo lake la nyongeza la mwaka 2015. Huwezi kuziruka kwa sababu hadithi kuu ndiyo ufunguo wa kila mlango. Walioanza mapema walizipokea kidogo kidogo, kila baada ya miezi michache, na kwao zilikuwa kama barua kutoka kwa rafiki. Aliyekuja baadaye alipewa barua zote kwa siku moja, ndani ya gunia. Mnaona? Maneno hayakubadilika hata moja. Kilichobadilika ni nani anangoja. Agosti 2020 waundaji walishika mkasi, wakapunguza misheni za sehemu hiyo ya mwanzo na kufupisha nyingine. Nawaheshimu kwa hilo, maana kukata kazi yako mwenyewe iliyokwisha kuchapwa ni uchungu ambao watunzi wengi hatuuwezi.

Lakini msinielewe vibaya, msitoke humu mkisema nimewaambia mfanye kila kitu kiende mbio. EverQuest, iliyotoka mwaka 1999, ilikuwa na kungoja kuliko gemu yoyote ninayoijua. Mchawi akimaliza nguvu zake alikaa chini, kwa dakika kadhaa, akingoja zirudi. Mnyama wa adimu alichukua saa nyingi kutokea, na watu walipiga kambi mahali pake wakipeana zamu. Na wakiwa wamekaa hapo walikuwa na kazi gani? Kupiga soga! Kuna ndoa zilizotokana na kambi zile. Kungoja kwenyewe hakukuwa na hadithi ndani yake, lakini kulikuwa na nafasi, na watu wakaijaza. Ubaya wa ile jibini haukuwa kungoja. Ubaya wake ni kwamba ulingoja peke yako, huku ukikimbia.

Sasa nije kwa wenzako. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye gemu moja, sitaitaja, nikafika mwisho wa sura niliyoifuata kwa miezi mitatu. Pango la mwisho lilihitaji watu wanane. Nikajiunga na saba nisiowajua. Mlango ukafunguka, kipande cha sinema kikaanza, yule jemadari msaliti akaanza kueleza kwa nini alimuua kaka yake, jambo nililokuwa nikilisubiri tangu mwanzo. Nikatazama mpaka mwisho kwa sababu ndicho kilichonileta. Sinema ikaisha. Niko peke yangu ukumbini. Wenzangu saba wote wameshalipita, walikuwa wameliona mara arobaini, wako vyumba viwili mbele. Nikakimbia. Nikawafikia, sinema ya pili ikaanza. Nikatazama. Ikaisha, niko peke yangu tena. Mara ya tatu mtu akaniandikia, "Wewe, unalala?" Basi, sinema ya nne nikairuka. Nilipofika kwa jemadari alikuwa maiti, na wenzangu wameshatoka. Miezi mitatu, ndugu zangu. Sijui mpaka leo alisema nini kabla ya kufa. Ningeweza kuitafuta video nikaiona. Sikutaka.

Nani alikosea? Wale saba? Hapana, walikuwa kazini, wanataka zawadi yao ya siku walale. Mimi? Nilikuwa nasoma hadithi mahali palipoandikwa hadithi. Aliyekosea ni mtu aliyeweka meza moja, akaketisha wanaofunga ndoa na wanaosubiri basi, halafu akawapa kijiko kimoja.

Final Fantasy XIV waliwahi kuwa na tatizo hili hili kwenye mapango mawili ya mwisho wa hadithi yao ya kwanza, yaliyochezwa na watu wanane. Wageni walikuwa wakiachwa. Dawa ya kwanza ilikuwa kali: vipande vya sinema havirukiki, kwa mtu yeyote. Wote mtatazama. Basi mgeni akaiona hadithi yake yote, na wakongwe saba wakaondoka kwenye kiti kwenda kujinyoosha, kwa mara ya mia, wakimsikiliza jemadari kutoka chumba cha pili. Dawa ilitibu, lakini iligeuza hadithi kuwa adhabu ya wengine. Walipoyajenga upya mapango yale, Aprili 2022, waliyapunguza yakawa ya watu wanne, na baadhi ya mapambano wakayatoa nje ya pango ili yasimame yenyewe. Mimi naona hilo lilikuwa jibu la kweli. Hawakumlazimisha mtu amngoje mwenzake. Waliuliza kwanza: ni wapi hapa tunawahitaji wengi, na ni wapi tunamhitaji mmoja?

Kuna njia nyingine nitaitaja, kwa kuwa naipenda ingawa ina kasoro. Star Wars: The Old Republic ilitoka Desemba 2011 ikiwa na hadithi nane tofauti, moja kwa kila aina ya mhusika, na kila mazungumzo yamerekodiwa kwa sauti. Mkiwa kikundi na mmefika kwenye mazungumzo, kila mtu anachagua jibu lake, kisha mfumo unarusha dadu. Aliyeshinda ndiye anayesema. Mnaweza kuwa mmemsamehe mfungwa ninyi watatu, dadu ikamwangukia yule wa nne asiye na huruma. Mnapiga kelele, mnacheka, mnamlaani. Lakini mmeona kilichofanyika? Kila mmoja alilazimika kumngoja mwenzake achague, na kungoja huko kulikuwa na wasiwasi ndani yake. Kasoro ni kwamba msomaji wa polepole bado anasukumwa na wenye haraka, na wenye haraka bado wanaguna. Hata hivyo, ni mara chache nimeona kungoja kukiwa sehemu ya mchezo wenyewe namna hiyo.

Na kuna uamuzi mwingine unaoonekana mzuri ukiwa peke yako. Mwaka 2008, katika toleo la pili la nyongeza la World of Warcraft, waundaji walianza kuibadilisha dunia kwa kila mchezaji kulingana na hatua aliyofikia. Ukimaliza misheni ya vita kwenye lango, uwanja unabaki umeungua kweli. Kwako. Rafiki yako ambaye hajafika hapo anauona uwanja mzima. Mko mahali pamoja, na hamwonani. Nikumbusheni, kwa nini tulikuja mtandaoni?

Kuhusu kuingoja kampuni, nitapita haraka, maana hili mnalijua na limeshasemwa mno. Kuandika na kurekodi hadithi ya saa ishirini huchukua timu kubwa mwaka au zaidi, na kuna mtu ataimaliza mwisho wa juma la kwanza. Hakuna hesabu itakayoziba pengo hilo. Kwa hiyo kampuni hufunga milango: sehemu hii wiki hii, ile wiki ijayo. Ngome ya mfalme wa wafu katika World of Warcraft ilifunguliwa Desemba 2009, lakini sehemu zake zilifunguliwa moja moja mpaka mwanzoni mwa 2010, na mfalme mwenyewe akakaa juu akingoja ruhusa ya kupigwa. Wahenga nao hawatusaidii hapa, kwa sababu wametuambia haraka haraka haina baraka, kisha wakageuka wakatuambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi kipimo changu ni kidogo. Mlango ukifungwa baada ya mtu kusema jambo linalonikosesha usingizi, huko ni kuning'inizwa, na napenda kuning'inizwa. Mlango ukifungwa katikati ya kazi ya kukusanya ngozi ishirini, nikaambiwa nirudi Jumanne, hiyo ni foleni.

Sasa dunia isiyomngoja mtu.

Asiyekuwapo na lake halipo. Mnaijua methali hiyo. Guild Wars 2 waliamua kuifuata neno kwa neno. Gemu ilitoka Agosti 2012, na kuanzia mwaka uliofuata wakaanza msimu wa hadithi inayoishi. Kwa muda mrefu jambo jipya lilikuja kila wiki mbili, lilidumu kwa muda, kisha nyingi za sehemu hizo zikaondolewa moja kwa moja. Februari 2014 adui wao, Scarlet Briar, aliushambulia mji wa Lion's Arch, bandari ambayo kila mchezaji aliipita kila siku, mji wa soko na wa kukutana. Aliuharibu kweli. Wachezaji walikimbia ndani ya moshi wakiwatoa wakaazi, saa inahesabu, na mji ulipokwisha haukurudi ulivyokuwa siku ya pili. Hapo neno "haraka" lilipata maana yake. Kijiji kiliungua na hakikungoja mtu avue samaki.

Nani asiyetaka hadithi ya namna hiyo? Nilimwuliza mtu aliyekuwepo, akanisimulia kama mtu anayesimulia mafuriko aliyoponea.

Lakini mgeni aliyeingia mwezi uliofuata alikuta magofu. Akauliza kulikuwa na nini hapa, akaambiwa, "Ulipaswa kuwepo." Wahusika wapya walizungumza juu ya rafiki zao wa msimu ule, watu ambao mgeni hakuwahi kuwaona na hakuwa na njia ya kuwaona. Msimu wa pili, ulioanza Julai 2014, uliwekwa ndani ya gemu ili mtu aupitie wakati wowote. Msimu wa kwanza ulibaki shimo katikati ya hadithi mpaka 2022, waliporudisha sehemu zake, sura baada ya sura, katika umbo linaloweza kuchezwa na aliyechelewa. Miaka minane! Nikiwa mgeni ningeshukuru. Nikiwa mmoja wa waliokimbia ndani ya moshi, sina hakika. Kuna kitu kilikuwa changu kwa sababu kilipita.

Hapo ndipo mtunzi hana jibu safi, nami silileti. Ukiufanya ulimwengu umngoje kila mtu, unakuwa sanamu. Ukiufanya usimngoje yeyote, unakuwa kumbukumbu za wachache. Ila naamini kuna tofauti kati ya tukio kupita na hadithi kupotea. Vita vinaweza kupita. Lakini acheni makaburi yanayosomeka, acheni mtu mmoja sokoni anayesimulia vibaya, acheni wimbo. Mgeni hadai awe alikuwepo, anadai ajue alichokikosa.

Nina mfano wa mapema kuliko huo, nao ndio niupendao kuliko yote. Asheron's Call ilitoka mwaka 1999, na tangu mwanzo ilikuwa na desturi ya kusogeza hadithi kila mwezi. Mwaka 2000 hadithi ilifika mahali ambapo vito vinavyomfunga pepo mkuu, Bael'Zharon, vilipaswa kuvunjwa. Waundaji walijua wachezaji watavivunja, kwa kuwa kuvunja kuna faida, na mchezaji na faida hawaachani. Kwenye seva nyingine, yaani nakala nyingine za dunia ile ile, ikawa hivyo. Kwenye seva moja, Thistledown, wachezaji walikataa. Walikizunguka kito cha mwisho wakakilinda, mchana na usiku, wakipokezana kama walinzi wa mpaka. Na sura ya mwezi uliofuata ilikuwa imeshaandikwa, pepo yuko huru! Hadithi ikawa inalingoja kundi la watu waliosema hapana. Mwishowe waundaji wenyewe waliingia ndani ya gemu, upande wa uovu, wakapigana na wateja wao mpaka kito kikavunjika. Baadaye wakawajengea walinzi wale mnara wa kumbukumbu kwenye seva ile.

Jiulizeni: ni sura gani katika hadithi yote ya gemu ile inayosimuliwa mpaka leo? Ni hiyo ambayo mtunzi alingojeshwa.

Na haiko peke yake. Januari 2006, milango ya Ahn'Qiraj katika World of Warcraft haikufunguka kwa tarehe. Kila seva ililazimika kukusanya mali ya vita kwanza: bendeji, vyuma, ngozi, vyakula vya askari, kwa maelfu kwa maelfu. Kazi ile ile ya ngozi ishirini niliyoitukana hivi punde! Lakini safari hii kulikuwa na hesabu mbele ya macho ya wote, na bendeji ya mgeni wa kiwango cha chini ilihesabiwa sawa na ya mkongwe. Mgeni hakumchelewesha mtu, alikuwa mkono mmoja zaidi. Siku ya kupigwa kengele ya kufungua milango watu walifurika jangwani, seva zikazidiwa, nyingine zikaanguka. Ilikuwa fujo. Waliokuwepo wanaikumbuka kwa mapenzi makubwa, pamoja na fujo yake.

Halafu kuna EVE Online, gemu ya meli za angani, ambayo karibu haiandikiwi hadithi kabisa. Januari 2014, malipo ya kumiliki mfumo mmoja wa nyota, B-R5RB, hayakufanyika. Ada tu, haikulipwa! Maadui wakaona mwanya, wakaingia, na kukazuka vita vya saa zipatazo 21 vilivyowavuta wachezaji zaidi ya 7,000 na kuteketeza meli 75 za aina kubwa kuliko zote. Mnajua mitambo inafanya nini watu wakizidi namna hiyo? Inapunguza mwendo wa wakati. Sekunde kumi za kwetu zinakuwa sekunde moja ya kule, ili amri ya kila rubani ifike, ya mwenye kompyuta bora na ya mwenye kuukuu. Nataka waandishi wenzangu mlitafakari hilo. Wahandisi walipokutana na saa elfu, walizipunguza zote kwa pamoja ili asiachwe mtu. Sisi tulipokutana nazo, tuliweka kitufe cha "ruka".

Nimalizie na aibu yangu mwenyewe.

Katika gemu yetu ndogo kulikuwa na mzee mvushaji, aliyekuwa akiwavusha wachezaji mto tangu siku yao ya kwanza. Niliandika kifo chake. Niliandika mazishi, mistari kumi na miwili, nayo nilijivunia. Siku ya majaribio tukaketisha watu sita. Mmoja akaanza kusoma. Wawili wakawa wanaruka juu ya maiti, juu na chini, juu na chini. Mmoja akaanza kucheza ngoma. Wawili walishafika kwenye alama ya misheni inayofuata wakiandika, "Njooni basi." Nikakasirika. Nikasema watu hawana adabu. Mwandika programu wetu, binti asiye na maneno mengi, akaniuliza, "Uliwapa nini cha kufanya na mikono yao?"

Nikafuta kisanduku cha maneno. Tukaweka mtumbwi, na mzee ndani yake, na mtumbwi hausogei mpaka mikono sita iushike. Anayefika kwanza anaushika na kungoja, na anapongoja anamsikia binti wa mzee akiimba. Mwenye haraka ndiye anayesikia wimbo wote. Msomaji wa polepole anafika mwisho, lakini maneno yamechongwa kwenye kasia, anaweza kuyasoma wakati wowote. Nikajiona nimeshinda.

Majaribio ya pili, watu watano wakaushika mtumbwi. Wa sita intaneti yake ikakatika. Dakika nne, ndugu zangu. Watano wamesimama ndani ya maji hadi magotini, wimbo umeisha, umeanza tena, umeisha. Nilikuwa nyuma yao nauma kucha, nikingoja wa kwanza aachie. Hakuachia mtu. Wakaanza kuzungumza. Mmoja akakumbuka mzee alivyomwambia siku ya kwanza asiogope mamba. Mwingine akasema kwake alimwambia vingine. Kisha mmoja akaandika, "Kwani huyu mzee alikuwa anaitwa nani?"

Kimya. Hakuna aliyejua. Wakapekua misheni za zamani, wakapekua kasia. Sikuwa nimempa jina. Nilimwita "Mvushaji" mwaka mzima na sikugundua, na hakuna aliyewahi kusimama muda wa kutosha kuuliza.

Wa sita akarudi, mtumbwi ukaenda. Usiku ule nikakaa mezani kumtafutia jina.